Sura ya Sita: Bunduki ya Nyumba na Ridhaa ya Ahali

Katika nyumba ya babu yangu, nje kidogo ya mji wa Tanga, palikuwa na gobori moja lililotundikwa juu ya boriti ya ukumbini, na katika miaka yote niliyolala chini ya boriti ile sikupata kumwona bibi akiligusa, wala kulifuta vumbi, wala kulitaja kwa jina lake. Nyani walipoingia shambani, na babu yuko msikitini, bibi alisema tu "kile kitu", akamtuma mtoto mbio kumwita mwenye nacho. Na nyani wale, ambao hawakuwa wajinga, walikuwa wamekwisha kuzijua saa za sala kuliko baadhi ya waumini. Shamba liliharibika mara nyingi kwa sababu silaha ilikuwa nyumbani na mjuzi wake hayupo.

Nilipohamia Marekani, katika jimbo la Ohio, na kukaa kule muda wa kutosha hata kupata kadi ya ukaazi wa kudumu, ambayo ndiyo humpa mgeni haki ya kuingia duka la silaha na kutoka na kitu mkononi, nilikuwa nimeichukua desturi ya babu katika mizigo yangu pasipo kujua. Kwetu desturi ile ina udhuru wake, maana Tanzania na Kenya leseni ya silaha huandikwa kwa jina la mtu mmoja, aliyechunguzwa yeye na kupewa yeye, na mke ambaye hakulishika gobori la mumewe hakukosa adabu wala sheria. Walakini katika nchi ambayo nyongeza ya pili ya katiba yake, iliyothibitishwa mwaka 1791, imehifadhi haki ya watu kuwa na silaha, na ambayo Mahakama ya Juu yake mwaka 2008, katika shauri lililotoka mji wa Washington, ilitamka kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na inafika hadi bastola iliyowekwa nyumbani kwa kujilinda, bunduki ni chombo cha nyumba kama lilivyo jiko, na wote waliomo ndani wana hisa katika faida yake na katika maafa yake. Sura hii inahusu namna ya kumjulisha ahali chombo hicho, nami naiandika kwa haki ya mtu aliyeanza kwa kukosea.

Sababu ya kununua kwangu haikuwa ya kishujaa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilivunjwa mchana, wenyewe wako kazini, wakaibiwa televisheni na vito vya mama mwenye nyumba. Nami jioni ile ile nikaamua kwamba mwanamume mwenye aila hana budi kuwa na bastola, bila ya kujiuliza bastola ingefanya nini mchana katika nyumba isiyo na mtu. Jumamosi nikaenda dukani, nikajaza fomu ya serikali, nikangoja jibu la uchunguzi wa jina langu, ambao maduka ya Marekani yamelazimika kuufanya kwa njia hii tangu mwaka 1998, na kabla ya adhuhuri nikarudi nyumbani na rivolva fupi, nyeusi, ya uzito usiofika nusu kilo, ambayo muuzaji aliniambia kwamba ndiyo hasa imfaayo mwanamke. Mwanamke mwenyewe hakuwapo, na hakuna aliyemwuliza.

Nilipoiweka juu ya meza ya kulia chakula, mke wangu hakupiga kelele kama nilivyohofia. Aliitazama kwa muda kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila ya hodi, kisha akauliza maswali matatu: ufunguo atakaa nao nani, usiku nilio zamu ya kazi kitu hiki kitamlinda nani, na mtoto wetu mdogo, ambaye alikuwa amekwisha kujifunza kufungua kila droo, atazuiliwa kwa dawa gani. Sikuwa na jibu hata moja. Nikajibu kama wanaume wajibuvyo wasipokuwa na jibu, yaani nikasema kwamba nitampeleka kufundishwa, na mwalimu nitakuwa mimi.

Basi msomaji na autazame uwanja wa shabaha wa ndani siku ya baridi: ukumbi mrefu wa saruji uliogawanywa vibanda, karatasi zenye sura ya mtu zikining'inia kwenye waya, harufu ya baruti, na kishindo ambacho hata mwenye kuziba masikio humgonga kifuani. Nilimsimamisha mke wangu kibandani, jirani yetu wa kulia akipiga bunduki kubwa iliyotikisa ukuta, nikamjazia rivolva viasi vizito kuliko vyote ambavyo ingeweza kubeba, kwa kuwa nilivinunua hivyo, kisha nikaanza kumpigia makelele ya maelekezo, miguu hivi, mikono vile, pumua, usipumue. Alipiga mara tatu. Baada ya ya tatu akaiweka silaha mezani taratibu, mdomo wake ukielekea shabaha, kwani hilo moja nilikuwa nimemfundisha vyema, akanigeukia akaniambia, "Baba watoto, nimeona. Twende nyumbani." Ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ilikuwa imevilia damu. Mwaka mzima ukapita asikubali kuitaja, na alipoitaja alisema "kile kitu".

Hesabu ya jambo lile ni nyepesi, na aibu yangu ni kwamba niliisoma shuleni. Baruti inapowaka huisukuma risasi mbele na silaha nyuma kwa msukumo ulio sawa, na kadiri silaha ilivyo nyepesi ndivyo irudivyo kwa kasi zaidi katika kiganja cha aliyeishika. Kwa hiyo bastola ndogo, ambayo machoni pa mume yaonekana kuwa ya kike kwa sababu ya udogo wake, ndiyo ngumu kuliko zote kwa mwenye kuanza, na mabingwa wenyewe huiogopa. Zaidi ya hayo mwili hausahau. Mtu aliyeumizwa na mpigo wa kwanza huungoja wa pili kwa kufumba macho na kuinamisha kifundo cha mkono kabla ya risasi kutoka, na ugonjwa huu wa kustuka, ukishaingia, huchukua miezi kutibiwa. Dawa yake nimeiona kwa macho yangu: mwalimu huchanganya viasi bubu, visivyo na baruti, pamoja na vilivyo hai, bila ya mwanafunzi kujua mpangilio, na kinapofika kiasi bubu silaha hulia "tik" tu, ilhali mdomo wake unazama chini kama kichwa cha msinziaji, na mwanafunzi huiona ila yake mwenyewe bila ya kuambiwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiri mwanamke wa jimbo hili hili la Ohio ambaye habari zake zingalinifaa mapema. Annie Oakley alizaliwa mwaka 1860 katika wilaya ya Darke, mashariki tu ya mpaka wa Indiana, akafiwa na baba akiwa na umri wa miaka sita hivi, akajifunza kupiga ndege na sungura kwa bunduki ya nyumbani ili mama na ndugu zake wapate kula, na nyama iliyozidi akaiuza mjini. Karibu na Cincinnati alishindanishwa na Frank Butler, mpiga shabaha wa maonyesho aliyekuwa akisafiri mji kwa mji akijisifu. Na yasimuliwa kwamba binti yule alimshinda kwa ndege mmoja. Butler alimwoa. Baadaye waliingia pamoja katika maonyesho makubwa ya Buffalo Bill, mwaka 1885, na mume, ambaye kazi yake ilikuwa bunduki, akaiacha bunduki kwa mkewe, akawa msimamizi wa shughuli zake na mshika shabaha zake. Mwaka 1898, vita na Spania vikikaribia, bibi huyu alimwandikia Rais McKinley kumtolea kikosi cha wanawake 50 walenga shabaha, ombi ambalo serikali haikulikubali. Na katika maisha yake aliwafundisha wanawake wenziwe kwa maelfu. Alifariki Novemba 1926, na Butler akamfuata baada ya siku 18.

Nimesoma sifa nyingi za Oakley, lakini mimi humwonea fakhari Butler. Mwanamume aliyeshindwa hadharani kwa kazi ambayo ndiyo riziki yake, asinune, asitafute udhuru wa upepo wala wa jua, bali akaona kwamba lililo la insafu ni yeye kushika shabaha na mkewe kushika bunduki, huyo alikuwa na akili ambayo mimi sikuwa nayo siku ile katika kibanda cha saruji. Makaburi yao yako kaskazini ya mji wa Greenville, chini ya saa mbili kwa gari kutoka kwetu. Nilimpeleka mke wangu huko siku moja ya kiangazi, bila ya kumtajia silaha, na katika jumba la makumbusho la mji ule alisimama kitambo kirefu mbele ya vitu vya bibi yule. Njiani kurudi akasema kwamba kama atafundishwa na mwanamke, na kama mimi sitakuwapo, atajaribu tena.

Hilo ndilo shauri la kwanza la sura hii, na kama msomaji atalisahau lililobaki, hili asilisahau: mume asimfundishe mkewe. Kati ya watu wawili waliooana kila neno lina historia. "Siyo hivyo" ya mwalimu ni maelekezo, na "siyo hivyo" ya mume ni kesi ya miaka kumi. Nilimpata mwalimu mmoja, bibi wa makamo aliyestaafu kazi ya polisi, afundishaye wanawake peke yao Jumapili asubuhi, nami nikabakia katika gari na kikombe cha kahawa, nikiwaona wanawake wa kila umri wakiingia na kutoka wakicheka, jambo ambalo katika somo langu halikutokea.

Somo la kwanza lilikwisha pasipo risasi hata moja kupigwa. Saa mbili walikaa mezani, silaha tupu mbele yao, wakijifunza kuifungua na kuhakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba haina kitu, na kuhifadhi kanuni nne ambazo Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini aliyeanzisha chuo cha bastola Arizona mwaka 1976, alizikusanya na ambazo leo zimeenea katika viwanja vingi vya shabaha vya nchi ile. Aliporudi nyumbani mke wangu akanitahini. Kwamba kila silaha ihesabiwe kuwa imejazwa, hata uliyoitoa kiasi wewe mwenyewe sasa hivi, nililijua. Kwamba mdomo wa kasiba usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho hukuridhia kukiangamiza, nililijua, ingawa mke wangu alinikumbusha kwamba siku ile ya kwanza mezani mdomo ule ulikuwa ukimtazama yeye. Kwamba kidole cha shahada kikae nje, kimenyooka ubavuni mwa silaha, hata macho yawe yamekwisha kutulia juu ya shabaha, nalo nililijua. "Na ya nne?" akauliza. Nikasema kuijua shabaha yako. "Na kilicho nyuma yake," akanikamilishia, kisha akaugonga kwa kidole ukuta uliotutenga na chumba cha watoto, ukalia kama ngoma.

Mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta za kina cha mkono, hawezi kuamini wepesi wa nyumba ya Kimarekani. Ukuta wa ndani ni mbao chache zilizofunikwa pande zote mbili kwa bamba la jasi lenye unene wa sentimita moja na kitu, na risasi ya bastola hupita kuta kama hizo kadhaa kabla ya kuchoka. Chumba cha watoto kiko nyuma ya ukuta mmoja. Tangu jioni ile silaha kwetu ina upande wake: kuna pembe moja tu ya chumba chetu cha kulala ambako mtu akisimama, akielekea mlangoni, lililo nyuma ya mlango ni ngazi na ukuta wa matofali wa nje, na pembe ile aliipata mke wangu kwa kupima kwa hatua.

Alipoanza kupiga alianzia bunduki ndefu ya kiasi kidogo, kile cha nukta 22, ambacho Wamarekani walikiunda mwaka 1887 na hakijapata mshindani katika kufundisha: bei yake ni ndogo, kishindo chake kwa mwenye kuziba masikio ni kama kofi, na kitako begani hakisogei. Hata hivyo masikio lazima yazibwe, kwani mlipuko wa silaha yoyote unaweza kudhuru usikivu milele, na katika ukumbi uliofungwa mwalimu yule huvaa vizibo viwili, cha ndani na cha juu. Mwalimu aligundua pia jambo ambalo mimi nisingaligundua kwa miaka kumi. Alimwambia mke wangu ainyooshe mikono yote miwili, aviunganishe viganja viache tundu dogo, aitazame saa ya ukutani ndani ya tundu lile, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Na saa ikapotea alipofumba la kushoto. Mkono wake wenye nguvu ni wa kulia, na jicho lake lenye kutawala ni la kushoto. Hivyo zile risasi tatu za siku yangu zilizokwenda kando hazikuwa za woga peke yake. Mambo mengine ni madogo ila yana maana kwa mwanamke. Ganda la shaba lirukalo kutoka katika silaha huwa la moto, na hupenda sana kuingia katika kola iliyo wazi, hata wanafunzi wengine huruka na silaha mkononi. Mtandio aliojifunga mke wangu vizuri shingoni ukasifiwa darasa zima. Mikono huoshwa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kwa ajili ya madini ya risasi, na mwenye mimba hushauriwa aahirishe uwanja wa shabaha hata ajifungue, kwa ajili ya madini hayo na kishindo.

Kuhusu ni silaha gani iwekwe nyumbani wanaume hubishana usiku kucha, nami sitawafuata. Bunduki ya marisau ina nguvu isiyo na shaka, lakini ile ya kipimo cha 12, yaani yenye kasiba ambayo gololi 12 za risasi za upana wake zina uzito wa ratili moja, humpiga begani mtu mwepesi, na wanaosema kwamba haihitaji kulengwa wamedanganyika, kwani katika masafa ya chumba marisau hayatawanyiki hata kuzidi kiganja kilichokunjuliwa. Bastola ni nyepesi kushika na ngumu kulenga. Mke wangu, baada ya kuzijaribu saba au nane za kukodi, alichagua bastola ya ukubwa wa kati, ya milimita tisa, nzito mara mbili ya ile yangu, kwa sababu uzito ule ule muuzaji aliouona ni aibu ndio unaomeza mpigo. Aende dukani mwenyewe, aishike, ajaze fomu kwa jina lake. Na mume asidhani kuwa ni hisani kununua kwa niaba ya mkewe kwa fedha za mkewe, maana fomu ile huuliza kama aliyeijaza ndiye mnunuzi hasa, na uongo hapo ni jinai. Zawadi ya kweli inaruhusiwa. Na aliyehukumiwa kwa kosa la kumpiga mwenziwe wa nyumbani, hata likiwa kosa dogo mbele ya mahakama, sheria ya mwaka 1996 imemnyima silaha kabisa, nami sijaona sheria yenye hikima kuizidi.

Sasa nifike katika usiku wenyewe, ambao ndio uliomfanya mtu anunue. Oktoba 1992, katika mji wa Baton Rouge, Louisiana, kijana wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi mgeni, alikuwa akienda karamuni na mwana wa wenyeji wake. Wakakosea nyumba, kwa tarakimu mbili za namba zilizobadilishana nafasi, wakabonyeza kengele. Mke wa nyumba ile alifungua mlango wa kando, akamwona mtu asiyemjua katika mavazi ya karamu, akaufunga kwa kishindo, akamwambia mumewe alete bunduki. Mume hakuuliza kwa nini. Alileta rivolva kubwa, akaufungua tena mlango uliokuwa umekwisha kufungwa, akamwamuru kijana asimame kwa neno la Kiingereza ambalo kijana yule yaelekea hakulielewa, na alipozidi kumjia akampiga kifuani. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia mwaka uliofuata. Mahakama ya madai ikamlazimisha kulipa. Wazazi wa kijana walikusanya saini zaidi ya milioni moja na nusu nchini kwao wakiiomba Marekani iondoe silaha majumbani.

Kisa hiki huniondolea usingizi kuliko visa vya majambazi, kwa sababu mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na watu wawili waliokuwa ndani walikuwa na silaha lakini hawakuwa na shauri. Neno moja la mke lenye hofu likawa amri, na amri ikawa mauti. Tena kijana yule ni sisi: mgeni mwenye Kiingereza cha shuleni, aliyepotea njia jioni, anayetabasamu ili kuonyesha kuwa si mtu mbaya. Na cha pili ni cha barani kwetu. Usiku wa Februari 14, 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alipiga risasi nne katika mlango wa choo uliofungwa, akamwua mpenzi wake Reeva Steenkamp aliyekuwa ndani. Alidai kwamba alidhani ni mwizi; mahakama ya rufaa, mwaka 2015, ilimtia hatiani kwa mauaji, ikasema kwamba mwenye kupiga risasi nne katika mlango wa chumba kidogo alijua kwamba aliyemo angeweza kufa, awe nani. Nikilichukua dai lake kama alivyolitoa, bado nasema: hakuunyoosha mkono wake kitandani kwanza akapapasa kama mwenziwe yupo.

Kwetu tumeafikiana hivi. Hakuna atakayezunguka nyumba gizani kumtafuta mtu, kwani nyumba yenye watu wawili wanaotafutana na silaha moja haimhitaji mwizi. Sauti ikisikika, mmoja huwaleta watoto chumbani kwetu, mlango hufungwa, mwingine hupiga 911 na kusoma kutoka katika kadi tuliyoibandika kando ya kitanda anwani yetu na sentensi tatu za Kiingereza, maana mtu akiogopa hurudi katika lugha ya mama yake, na mpokea simu wa Ohio hajui Kiswahili. Silaha hubaki katika pembe ile, mkononi mwa aliye karibu nayo, na televisheni achukue atakaye. Fauka ya hayo tumeifanya desturi ya pwani kuwa kanuni ya usalama: yeyote atembeaye ndani baada ya taa kuzimwa, hata akiwa anakwenda kunywa maji, hupiga hodi kwa sauti, na asiyejibiwa "karibu" hasogei. Watoto waliona ni mchezo, na sasa wageni wao wa Kimarekani wakilala kwetu hupiga hodi pia, kwa lafudhi ya ajabu.

Lililobaki ni kabati. Katika mwaka 2022 watu 48,204 walikufa Marekani kwa silaha za moto, na zaidi ya nusu yao, 27,032, walijiua wenyewe. Tena wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliowafuatilia watu wazima wa California kwa miaka kumi na zaidi na kutoa matokeo mwaka 2022, walikuta kwamba wanaoishi na mwenye bastola, wao wenyewe wasiwe nayo, waliuawa kwa risasi na mume au mke au mpenzi mara saba kuliko wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola, na katika kila mia ya waliouawa hivyo wanawake walikuwa 84. Nilimsomea mke wangu hesabu hizo kabla ya yeye kununua, kwa kuwa ridhaa ya asiyeambiwa si ridhaa. Na kama angalisema tuishi bila ya silaha, kama waishivyo wengi wa jirani zetu, ningaliiona kuwa hukumu timamu na shauri lingalikwisha pale. Alifikiri siku kadhaa, akasema ataiweka, kwa sharti kwamba mamlaka ya kuifungia ni yake.

Rivolva niliirudisha dukani kwa nusu ya bei. Iliyomo nyumbani ni bastola yake, ndani ya kabati dogo la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni, risasi zake humo humo, na namba za kufungulia alizichagua yeye, nami huzijua. Mwezi ule nilioachishwa kazi, nikawa silali wala sisemi na mtu, alizibadilisha asiniambie. Niligundua kwa bahati, nilipotaka kuisafisha, nikasimama mbele ya kabati kitambo, kisha nikarudi kuketi, wala sikumwuliza. Wiki ya sita, nilipokwisha kupata kazi nyingine na kuanza kula, nilikuta kipande cha karatasi chenye tarakimu nne chini ya kikombe changu cha chai.